SOMO LA UJENZI: Nyumba ya Ubaridi Bodo, kwa Udongo, Chokaa na Makuti

Saa nane za mchana mwezi wa Februari, nyumba nyingi za Bodo huwa hazina watu ndani. Wenyewe wako nje, chini ya mwembe au kwenye baraza la jirani, kwa sababu chumba chenye bati tupu juu na bloki za simiti pembeni hakikaliki. Usiku nao si afadhali: ukuta ulioota jua kutwa huendelea kutoa joto hadi karibu na alfajiri. Mwenye nyumba hununua feni, akishanunua feni hulipa umeme, na pengine nyumba yenyewe bado haijapigwa lipu kwa kuwa fedha ziliishia kwenye simiti.

Pembeni mwa nyumba hiyo huenda kuna nyumba ya zamani ya udongo na makuti ambayo ndani yake ni baridi, lakini ukuta umeliwa na mvua chini, mchwa wamepanda kwenye nguzo, na familia inaona aibu kuitengeneza. Somo hili linawahusu wakazi walio katikati ya nyumba hizo mbili: wanaotaka nyumba imara yenye heshima, bei inayofikika na ubaridi usiotegemea feni. Limeandikwa kwa kufuata hali ya Bodo, Shirazi, Funzi na vijiji vingine vya pwani ya Msambweni, ingawa mkazi wa Gazi, Kinondo au Vanga anaweza kulitumia bila kubadilisha mengi.

Kwa mfano wa hesabu, somo linatumia nyumba moja ya urefu wa mita 9 na upana wa mita 6. Mwenye kiwanja kidogo au kikubwa atabadilisha vipimo, hesabu ni ileile.

1. JUA NA UPEPO KABLA YA JEMBE

Uamuzi mkubwa kuliko yote hauna gharama: nyumba ielekee wapi. Bodo iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua la mchana hupita karibu utosini mwaka mzima. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini kidogo, na mwezi wa Desemba huegemea kusini kidogo. Jua hilo la juu huzuiwa kwa urahisi na paa lililotokeza. Jua linalosumbua ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia likiwa chini, likapiga ukuta na madirisha moja kwa moja. Hilo paa haliwezi kulizuia.

Kwa hiyo nyumba ndefu ilazwe mashariki kwa magharibi. Kuta mbili ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta mbili fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Upande wa magharibi, ambao ndio mkali zaidi, uwekwe stoo, choo au ukuta usio na dirisha, na nje yake upandwe mti wa kivuli kama mwembe au mwarobaini, mbali kiasi cha mizizi kutofikia msingi.

Bahati nzuri upepo wa pwani unakubaliana na mpango huo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Dirisha la ukuta wa kaskazini likitazamana na dirisha la ukuta wa kusini, upepo wowote kati ya hizo mbili utaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Chumba chenye dirisha moja tu hakipati upepo hata kama dirisha ni kubwa, kwa kuwa hewa inayoingia haina pa kutokea. Mlango wa ndani nao uwekwe tundu la hewa juu yake, ili ukifungwa usiku upepo usikatike.

Paa litokeze kiasi gani? Kwa dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1.5 chini ya ukingo wa paa, tokezo la sentimita 80 linatosha kulifunika na jua la mchana wa Juni upande wa kaskazini. Upande wa kusini sentimita 50 zingetosha kwa jua la Desemba, lakini ukuta wa udongo unahitaji kinga ya mvua ya kusi inayopiga kwa pembeni. Ni salama zaidi kuacha sentimita 80 hadi mita moja pande zote.

Wazee walilijua hili kwa vitendo. Baraza la mbele, ukumbi unaopitisha hewa hadi uani na paa refu la makuti havikuwekwa kwa urembo. Msikiti wa Kongo wa Diani, uliojengwa kwa matumbawe karne nyingi zilizopita na ambao bado waumini wanasali ndani yake, una kuta nene zinazochelewesha joto la mchana kuingia ndani.

2. MSINGI: MAJI YASIPANDE

Nyumba ya udongo haifi kwa uzee, hufa kwa maji. Maji ya juu huzuiwa na paa. Maji ya chini huzuiwa na msingi, na hapo ndipo nyumba nyingi zimekosewa.

Mtaro wa msingi uchimbwe hadi ardhi ngumu, ujazwe mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa au simiti, kisha ukuta wa mawe upandishwe juu ya ardhi sentimita 45 hadi 60. Huo ndio urefu ambao matone ya mvua hurukia ukuta yanapogonga chini. Juu ya mawe hayo itandikwe karatasi nzito ya plastiki kabla udongo haujaanza, ili unyevu na chumvi ya ardhini visinyonywe kupanda ukutani. Kuzunguka nyumba, ardhi iinamishwe ili maji yakimbie, na mifereji isielekezwe kwa jirani.

Mchwa nao huzuiwa hapohapo. Nguzo isichimbiwe moja kwa moja ardhini. Isimamishwe juu ya jiwe au kikombe cha simiti, na mwenye nyumba azoee kukagua msingi kila mwezi. Mchwa hujenga njia ya udongo juu ya jiwe, na njia hiyo ikionekana mapema huvunjwa kwa fagio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya udongo methali hii ni maagizo ya kazi.

Mchanga wa ufuoni usitumike hata kidogo. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu ukutani, hubabua lipu na kutia kutu vyuma. Matumbawe yanayotumika ni ya machimbo ya nchi kavu. Matumbawe hai ya baharini hayaguswi, kwa sababu ndiyo makazi ya samaki.

3. UKUTA: NJIA TATU

Njia ya kwanza: kukandika. Hii ndiyo njia ya asili ya vijiji vingi vya Digo na Shirazi. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa pande zote mbili, na udongo hukandamizwa katikati. Uzuri wake ni kwamba familia na majirani wanaweza kuifanya kwa kusaidiana kwa zamu. Nyumba ya kukandika huezekwa kwanza, ndipo kuta zijazwe, ili udongo ukauke kivulini bila kunyeshewa. Tabaka la kwanza liachwe lipasuke na kukauka kabisa, la pili lijaze nyufa, na la tatu liwe laini, lenye mchanga zaidi na nyasi zilizokatwakatwa au kinyesi cha ng'ombe. Nyuso za nje zipakwe lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi wa mtoni, ikilowanishwa kwa siku kadhaa isikauke haraka.

Kwa nini chokaa na si simiti? Simiti ni ngumu kuliko udongo na haipitishi unyevu. Ukuta wa udongo hupanuka na kunywea kidogo kila msimu, na lipu ya simiti juu yake hupasuka. Maji huingia kwenye ufa, hayawezi kutoka, na siku moja bamba zima huanguka na udongo ndani. Chokaa hukubali ukuta upumue.

Njia ya pili: matumbawe na chokaa. Ni ukuta mzito na wa kudumu. Mchana hunywa joto polepole na ndani hubaki baridi, ila usiku lazima madirisha yaachwe wazi ili joto hilo litoke. Kwa sababu ya uzito na gharama ya kusafirisha mawe, wengi watautumia kwa msingi, nguzo za pembe na chumba kimoja au viwili.

Njia ya tatu: matofali ya kufungamana. Haya ni matofali ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna kuni zinazoteketea. Yana meno na matundu yanayoingiliana, hivyo udongo au simiti ya kuunganishia hutumika kidogo sana. Vikundi vinaweza kukodi mashine moja na kupokezana.

Hesabu ya nyumba ya mfano: mzunguko wa kuta za nje ni mita 30. Kwa kimo cha mita 2.4, eneo ni mita 72 za mraba. Ukitoa mita 12 za milango na madirisha, zinabaki 60. Tofali lenye uso wa sentimita 26.5 kwa 10 huhitaji takriban 38 kwa kila mita ya mraba, yaani matofali 2,280. Akiongeza ya kuvunjika, mwenye nyumba apange 2,400. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 hutoa yapata matofali 100 kulingana na udongo, hivyo kuta za nje zitakula kama mifuko 24. Mkazi achukue bei ya leo dukani kwake, alinganishe na mifuko ambayo fundi amemwambia kwa bloki za kawaida pamoja na kuunganisha na lipu, kisha aamue.

4. KUPIMA UDONGO BILA MAABARA

Udongo wa karibu na bahari una mchanga mno. Udongo mwekundu wa upande wa bara huwa afadhali, lakini hutofautiana shamba kwa shamba. Kabla ya kulipa lori, fanya vipimo vitatu. Kwa vyote, ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Huo haufai kwa ujenzi.

Kipimo cha chupa: jaza theluthi ya chupa nyeupe kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache siku nzima. Mchanga hulala chini, udongo laini huja katikati, na mfinyanzi hukaa juu. Kwa matofali ya kufungamana, mchanga uwe zaidi ya nusu, na mfinyanzi uwe kati ya sehemu moja na tatu katika kumi.

Kipimo cha mkunjo: lowanisha udongo, viringisha mkono mmoja mrefu wenye unene wa sentimita 3, kisha usukume polepole upite ukingo wa meza. Kipande kikikatika kabla ya sentimita 5, udongo una mchanga mno. Kikipita sentimita 15, una mfinyanzi mno na utapasuka ukikauka, uongezewe mchanga. Katikati ya vipimo hivyo ndipo panapofaa.

Kipimo cha kuangusha: hiki ni cha kiasi cha maji siku ya kupiga tofali. Finyanga donge kiganjani, liangushe kutoka kimo cha kifua. Likibaki zima, maji ni mengi. Likisagika, maji ni machache. Likivunjika vipande vinne au vitano, mchanganyiko uko tayari.

Tofali likishatoka, liwekwe kivulini, lifunikwe, na linyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Lisijengewe kabla ya siku 28. Matofali mengi yanayolaumiwa kuwa dhaifu yalikuwa mazuri, ila yalianikwa juani siku ya kwanza.

5. NGUZO: MKOKO AU MVINJE?

Hapa ndipo nyumba ya mkazi mmoja inapogusa riziki ya kijiji kizima. Kwa vizazi vingi pwani imejengwa kwa miti ya mikoko. Wauzaji huipanga kwa unene: fito chini ya sentimita 4, pau kati ya 4 na 8, boriti kati ya 8 na 13, na nguzo zaidi ya hapo. Ni miti migumu, iliyonyooka, na isiyopendwa sana na wadudu.

Lakini Kenya nzima ina takriban hekta 61,271 za mikoko, na katika hizo Kwale ina hekta 8,354. Miti iliyonyooka yenye unene wa boriti ndiyo inayokatwa kwanza, na ikishaondolewa hubaki iliyopinda. Mikoko ndiyo malezi ya kamba, kaa na samaki wadogo ambao baadaye huvuliwa na wavuvi wa Bodo na Funzi, na ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kijijini. Mahali mikoko ilipokatwa ovyo, ufuo huliwa.

Msitu wa mikoko ni msitu wa umma unaosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kukata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Anayetaka boriti aulize kwanza kibali cha muuzaji. Misitu ya kaya nayo, kama Kaya Kinondo iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, haikatwi mti kwa ujenzi.

Badala yake kuna mvinje. Ni mti unaokubali mchanga na upepo wa chumvi, na hufikia unene wa nguzo ndani ya miaka 4 hadi 6. Gazi, umbali mfupi tu kutoka Bodo, imeonyesha njia. Mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaohifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu miaka ya 2010, ulipanda mivinje ili wakazi wapate nguzo na kuni bila kuingia msituni. Fedha zake zimesaidia maji na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata kwa mradi wa Vanga Blue Forest. Familia ya Bodo inayopanda mivinje kwenye mpaka wa shamba leo inaotesha nguzo za nyumba ya mtoto wake.

Mvinje huliwa na mchwa upesi kuliko mkoko ukigusana na ardhi. Ndiyo sababu ya jiwe chini ya nguzo lililotajwa kwenye msingi. Uondolewe magamba, ukaushwe kivulini kabla ya kujengewa.

6. PAA: MAKUTI, MABATI AU VYOTE

Sehemu kubwa ya joto la nyumba ya pwani huingia kwa juu. Bati lililopigwa na jua la mchana huwa la moto kiasi cha kutogusika, na chini yake chumba hugeuka tanuri. Makuti ni mazito ya hewa ndani yake, kwa hiyo joto halipiti kwa urahisi. Pia yanasukwa hapahapa, na fedha hubaki kwa wasukaji, wengi wao wakiwa kina mama.

Kinachoamua umri wa makuti ni mwinamo na kubanana. Paa lenye mwinamo mkali, karibu nyuzi 45, humwaga maji haraka na kukauka haraka. Paa lililolala huoza. Makuti yaliyobananishwa hugharimu zaidi siku ya kwanza lakini huchelewa kubadilishwa. Matawi ya miti yasilalie paa, na majani yanayoanguka juu yaondolewe.

Moto ni hatari ya kweli. Jiko la kuni lisiwe chini ya makuti. Jengo la jikoni litengwe na nyumba, liwe upande ambao upepo hautarusha cheche juu ya paa, na liezekwe bati. Nyaya za umeme zinazopita kwenye paa ziwe ndani ya bomba la plastiki na zifungwe na fundi mwenye leseni.

Anayechagua bati kwa ajili ya nyumba nzima achague lenye rangi nyeupe au ya kung'aa, linalorudisha jua. Karibu na bahari bati jembamba la geji 30 huliwa na kutu mapema. Geji 28 au 26 ni nene zaidi, kwani kadiri namba inavyopungua ndivyo bati linavyonenepa. Chini yake iwekwe dari, hata ya mikeka au makuti membamba, na kati ya dari na bati pawe na tundu la hewa kila upande ili joto litoke kabla halijashuka.

Njia ya kati inawafaa wengi: vyumba vya kulala viezekwe makuti, jikoni na baraza viezekwe bati ili kuvuna maji.

7. UPEPO UINGIE, MBU WABAKI NJE

Nafasi kati ya ukuta na paa hupitisha hewa vizuri, na ndiyo mlango mkuu wa mbu wa malaria usiku. Kuiziba kwa udongo huondoa mbu na upepo pamoja. Dawa ni wavu. Nafasi hiyo na madirisha yote yawekewe wavu mwembamba uliokazwa kwa mbao, na mlango wa nje ujifunge wenyewe. Wavu hupunguza upepo kidogo, kwa hiyo dirisha liwe pana kuliko ambavyo lingekuwa bila wavu. Chandarua kitandani hakiachwi.

Moshi ni jambo la pili. Jiko la mawe matatu hula kuni nyingi na huumiza macho na vifua vya mama na watoto. Jiko lililokingwa kwa udongo lenye kauri ndani hubana moto chini ya sufuria na kupunguza kuni. Jikoni pawe na tundu la moshi juu na dirisha upande wa pili.

8. MAJI YA PAA NA UMEME WA JUA

Hesabu ya maji ni rahisi: mita za mraba za paa, likipimwa kwa chini, mara milimita za mvua, ni sawa na lita. Pwani ya Msambweni hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la jikoni na baraza lenye mita 20 za mraba hupokea lita 20,000. Tukiondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 16,000. Paa zima la nyumba ya mfano, pamoja na tokezo la sentimita 80 kila upande, ni mita 80 za mraba. Likiwa bati lote hutoa lita 64,000, sawa na ndoo nane za lita 20 na ushei kwa kila siku ya mwaka, ikiwa kuna tangi la kutosha kuzihifadhi. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yaoshe paa. Tangi lifunikwe na liwekewe wavu, ili lisigeuke malezi ya mbu.

Kwa umeme, kupunguza matumizi hutangulia kununua paneli. Balbu 5 za zamani za wati 60 zikiwaka saa 5 hula wati-saa 1,500 kila usiku. Balbu 5 za LED za wati 5 hula 125. Ongeza runinga ndogo ya wati 20 kwa saa 4, ambayo ni 80, na simu tatu, kama 30. Jumla ni wati-saa 235. Kwa saa 5 za jua kali, na tukihesabu upotevu wa asilimia 30, paneli ya wati 67 ingetosha. Dukani achukue ya 80 au 100. Itazame kaskazini ikiinama kidogo, ili mvua ioshe vumbi, na isiwekwe kwenye kivuli cha mnazi. Nyumba iliyolazwa vizuri haihitaji feni mchana kutwa, na hapo ndipo paneli ndogo inapotosha.

9. KIBALI KABLA YA MTARO

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kila anayejenga apate idhini ya kaunti kabla ya kuanza. Udongo na makuti haviondoi wajibu huo, wala si sababu ya kunyimwa idhini ikiwa mchoro unaonyesha nyumba salama. Kanuni za Ujenzi za Taifa za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Mkazi aanzie kwa msimamizi wa wadi, akiwa na hati au uthibitisho wa umiliki wa ardhi, mchoro wa kiwanja na mchoro wa nyumba. Anayejenga karibu na ufuo au mikoko aulize mapema mpaka wa ardhi ya umma uko wapi. Nyumba nzuri iliyovunjwa kwa kuwa kwenye hifadhi ni hasara isiyo na fidia.

10. KALENDA YA KAZI

Julai hadi Septemba: mchoro, kibali, kupima udongo, kuagiza makuti na kukausha nguzo.
Oktoba na Novemba: mvua za vuli; kupanda miti ya kivuli na mivinje. Ni wakati pia wa kuona maji yanapita wapi kiwanjani.
Desemba: msingi, na kupiga matofali chini ya kivuli.
Januari na Februari: nguzo, paa na kuta.
Machi: lipu ya chokaa, nyavu na mifereji, kabla masika hayajashuka Aprili.

Asiyeweza kumaliza kwa msimu mmoja ajenge vyumba viwili vilivyokamilika, kuanzia msingi hadi wavu, aache nafasi ya kuongeza. Vyumba viwili vyenye paa zima ni nyumba. Kuta sita zisizo na paa wakati wa masika ni udongo unaorudi shambani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwenye kiwanja chako, kuta ndefu zitatazama wapi, na upande wa magharibi utakinga kwa nini?
2. Kwa nini lipu ya simiti huharibu ukuta wa udongo?
3. Mkono wa udongo ulikatika baada ya sentimita 18. Utaongeza nini?
4. Bati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 1,000: utavuna lita ngapi baada ya kuondoa moja ya tano?
5. Nguzo unazotaka kununua zimetoka wapi, na kibali chake kiko wapi?

Majibu ya maswali mawili ya hesabu na vipimo: la tatu ni mchanga, la nne ni lita 24,000. La kwanza na la tano kila mkazi atajijibu mwenyewe, na vizuri ayajibu pamoja na familia na fundi wake, wakiwa wamesimama kiwanjani, kabla ya jembe la kwanza kugonga ardhi.